Kitenzi Kisicho na Mwenyewe

Kiswahili hakipendi kitenzi kitembee peke yake. Ukitaka kueleza habari ya debe la maji huwezi kutamka "jaa" ukaishia hapo. Lazima useme *limejaa*, na ile *li-* hubaki palepale hata neno debe likishatoka kwenye sentensi. Kikombe kimejaa. Mto umejaa. Mabasi ya Nanenane yamejaa. Mtu aliyeingia katikati ya mazungumzo huenda asijue ni kitu gani kinachosemwa, lakini anajua kipo, na anajua ni cha ngeli gani. Ziko sehemu chache tu ambapo kitenzi chetu huvua kiambishi hicho, na iliyo wazi kuliko zote ni amri. Lipa. Tuma. Chora. Fagia. Kwenye amri anayetenda hatajwi, wala hatujui kazi yenyewe itaacha alama wapi.

Jambo hili limekuwa likinisumbua tangu nianze shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta hapa Dodoma. Swali ninaloliandikia tasnifu, ukilivua joho lake la kitaalamu, ni swali la sarufi, na kwa kadiri ninavyoendelea naona ni swali la maadili pia: je, ni haki kumpa mtu kitenzi bila kumwonyesha mwenyewe wa kitenzi hicho?

Nieleze kwanza kwa msomaji ambaye hajawahi kuandika programu. Ziko namna nyingi za kupanga msimbo, lakini mbili zinatosha kwa leo. Ya kwanza ni ya fanksheni. Fanksheni katika usafi wake ni kama mashine ya kusaga: unamimina mtama, unapokea unga. Haikumbuki kama ulikuja jana, wala haijali unadaiwa na nani. Ukimimina mtama uleule, utapata unga uleule. Ya pili ni ya obijekti. Obijekti ni kama daftari la mangi pale dukani. Lina majina, lina tarehe, lina kilichochukuliwa na kilicholipwa. Ukienda leo ukaomba sukari, jibu utakalopata linategemea ulichokifanya wiki iliyopita. Daftari linakumbuka, na kila unapoligusa linabadilika.

Kuna desturi imeenea sana katika ufundi wetu. Ndani, programu inajengwa kwa obijekti, kwa sababu dunia yenyewe imejaa madaftari. Nje, mtumiaji anapewa fanksheni, kwa sababu ni fupi na haitishi. Daftari linawekwa nyuma ya pazia, na mbele panatundikwa kitufe kilichoandikwa "lipa". Mtumiaji anaona mashine ya kusaga, kumbe anaandika kwenye daftari la mangi.

Mfano unaojulikana zaidi kwa wanafunzi wenzangu ni matplotlib, maktaba ya kuchorea grafu. Aliyeianzisha ni John Hunter, mtafiti wa neva aliyekuwa Chicago, akishughulika na ishara za umeme kutoka kwenye ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Alikuwa amezoea MATLAB, ambako unaandika amri fupi na picha inatokea, akataka urahisi huohuo katika lugha ya Python. Maktaba yake ilitoka mwaka 2003. Yeye alifariki mwaka 2012, lakini mpaka leo karibu kila anayejifunza kuchambua data anapita mlangoni mwake. Mlango huo unaitwa pyplot, na ni fanksheni tupu. Chora. Weka kichwa cha habari. Onyesha. Mistari mitatu, na mvua ya Dodoma ya miaka thelathini imesimama mbele yako: nguzo ndefu kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, kisha miezi mikavu inayofuatana kama mashamba yaliyovunwa.

Chini ya mistari hiyo mitatu kuna obijekti kadhaa: picha nzima, ndani yake kuna eneo la grafu, ndani ya eneo kuna mistari, alama na maandishi. Hujazitaja hata moja. Pyplot imejiwekea kumbukumbu ya siri inayoitwa, kwa tafsiri yangu, "picha ya sasa", na kila amri usiyoitajia mahali inakwenda huko. Ukiwa na picha moja, hakuna shida. Ukiwa na mbili, moja ya mvua na moja ya mavuno ya zabibu, kichwa cha habari kitakwenda kwenye ile iliyoguswa mwisho, na huenda siyo uliyoikusudia. Wengi wameumiza vichwa usiku kwa hilo bila kujua wanagombana na nani, maana hawakuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu wa tatu chumbani.

Sitaki kumsema vibaya Hunter. Kwa maoni yangu pyplot ni tendo la ukarimu. Mgeni akiingia nyumbani humwanzishii historia ya ukoo kabla ya kumpa maji. Mwanafunzi wa kilimo anayetaka kuona kama mvua inapungua hana deni lolote la kujifunza muundo wa obijekti kabla ya kuona. Tena mlango wa pili upo na haujafungwa. Anayetaka kuishika picha yenyewe kwa jina na kuiambia "wewe, jichore" anaweza, na maelekezo ya maktaba hiyo yanamwonyesha njia. Ukarimu wenye mlango wa pili ni ukarimu halali.

Lakini grafu ikiharibika, inachorwa upya. Nataka kutazama mahali ambapo haichorwi upya.

Mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuanza nchini Kenya, Vodacom iliileta M-Pesa Tanzania. Tangu hapo taifa zima limekuwa la waandishi wa programu. Bibi anayebonyeza *150*00# kwenye kitochi chake anaita fanksheni. Anachagua moja, anaweka namba, anaweka kiasi, anaweka namba ya siri. Hahitaji kusoma kitabu wala kuwa na simu janja. Hakuna msomi wa chuo chochote nchini aliyewahi kubuni kiolesura chenye heshima kwa watu wengi kiasi hicho, na yeyote anayebeza urahisi aanze kwa kumweleza bibi huyo kwa nini alistahili kupanga foleni benki.

Hata hivyo, bibi anajua jambo ambalo mwanafunzi wa pyplot halijui. Anajua kwamba "tuma" si mashine ya kusaga. Mtandao ukikatika katikati, harudii kubonyeza papo hapo. Anashika simu mkononi, anasubiri meseji. Akirudia bila kujua kama ile ya kwanza ilifika, atakuwa ametuma mara mbili. Ona pia jinsi mfumo wenyewe ulivyolazimika kumrudishia mwenyewe wa kitenzi. Kabla hajathibitisha, jina la mpokeaji linatokea. Baada ya kutuma, meseji inakuja na kiasi, jina na salio lililobaki. Amri ilikuwa tupu, lakini jibu limebeba daftari. Nadhani ndiyo sababu watu wanaliamini. Nimewaona watu wazima wakiwasomesha wajukuu meseji hizo kwa sauti, neno kwa neno mpaka kwenye salio, kama barua iliyotoka mbali.

Katika vitabu vya ufundi wetu kuna kanuni inayogusa hapa. Bertrand Meyer, aliyeandika mwaka 1988 kitabu kikubwa cha upangaji wa programu kwa obijekti, alitaka kuuliza kutenganishwe na kuamuru. Kinachojibu swali kisibadilishe kitu. Kinachobadilisha kitu kisijifanye kinajibu swali. Wahenga wetu walishasema kuuliza si ujinga. Meyer, kwa jinsi ninavyomsoma, anaongeza kwamba kuuliza kusiwe hatari pia. Mtu awe huru kuuliza salio mara kumi bila salio kupungua. Fanksheni inayojibu tu haina haja ya kutaja mwenyewe kila mara, kwa kuwa hakuna anayeumia. Inayobadilisha ndiyo yenye kesi.

Utafiti wangu umenipeleka kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Msomaji wa Tanzania anavijua kwa jina la VICOBA, na anajua mama yake, shangazi yake au mama mwenye nyumba wake yuko kwenye kimoja. Mbinu inayotumiwa na vingi vya aina hiyo ilianzia Niger mwaka 1991, katika mradi wa shirika la CARE uliowaanza wanawake wa vijijini, na leo imeenea Afrika nzima. Kwetu, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe.

Kiini cha mbinu hiyo ni sanduku. Ni la chuma, lina makufuli matatu, na funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti, wala si kwa yule anayelala na sanduku nyumbani. Halifunguliwi ila mkutanoni, wote wakiona. Kabla ya kufungwa, fedha zinahesabiwa kwa sauti, na wanachama wanatakiwa kukariri kilichomo. Mkutano ujao, kabla ya jambo lolote, wanaulizwa: mara ya mwisho tuliacha shilingi ngapi? Wasiojua kusoma wanajibu sawa na wanaojua.

Kwa macho ya mhandisi wa programu, hiki ni kiolesura kibovu. Ni kizito, ni cha polepole, kinataka watu ishirini na kitu wakae kwenye mkeka ili mmoja akope elfu hamsini. Kila kinachotendwa kinalitaja sanduku. Hakuna amri tupu hata moja. Lakini ubovu huo ndio ulinzi wenyewe. Uzito umewekwa makusudi, kwenye tendo lile tu ambalo likienda vibaya halirudi.

Kwenye kikundi kimoja cha pembezoni mwa jiji nilikwenda na namna mbili za programu yangu ndogo ya kumbukumbu, ndiyo utafiti wenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya amri tupu: weka, kopesha, lipa. Ya pili ilidai kila mara utaje mfuko na mwanachama. Mama mhazini alivaa miwani, akaitazama ya kwanza muda mrefu.

"Mwanangu, hii *lipa* inalipa kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye mfuko, mama."

"Upi? Sisi tuna mfuko wa hisa, na tuna mfuko wa jamii. Huu wa jamii ni wa msiba na ugonjwa, hauguswi kwa mkopo. Wewe ukivichanganya humo ndani, siku mtu akifiwa tutamwambia nini?"

Nilimweleza kwamba programu inakumbuka mfuko ulioguswa mwisho, na ndio inaoutumia. Akavua miwani. "Kwa hiyo inadhani," alisema. "Fedha ya watu haidhaniwi."

Mwanachama mwingine, binti wa rika langu anayeuza mboga soko la Sabasaba, hakukubaliana naye. "Mama, mimi nataka fupi. Nikifika nyumbani nimechoka, nibonyeze mara tatu niwe nimemaliza. Mbona simu tunabonyeza na hela haipotei?" Wakabishana kidogo, kwa utani na kwa dhati. Binti ana hoja. Muda wa maskini ni mali, na kiolesura kinachomchosha mtu kinamfukuza. Tumezoea kusema kwamba wenye uwezo hupewa urahisi na wanyonge hupewa fomu. Anayetetea uzito kwa jina la maadili ajiulize kama si yuleyule mtu wa dirishani anayesema "lete nakala nyingine tatu".

Kwa hiyo nikarudi Ng'ong'ona na swali limekuwa gumu zaidi. Msimamizi wangu alilikabili kwa upande wa falsafa. Kuficha, alisema, ndiyo kazi yetu. Hakuna anayeona kila kitu. Hata huyo mama anayetaka kuuona mfuko haoni umeme unavyopita kwenye kichakataji, na hapaswi. Ukisema kila kilichofichwa ni udanganyifu, utalazimika kuiita kila programu uongo, na kila gari, na kila dawa.

Nimelitafakari hilo kwa miezi kadhaa, na nadhani jibu liko katika kutenganisha vitu viwili ambavyo pazia huvificha pamoja. Kimoja ni jasho: jinsi kazi inavyofanyika, hatua ngapi, mashine gani. Kingine ni athari: nani atapungukiwa, daftari gani litaandikwa, nini hakitarudi. Kumfichia mtu jasho ni ukarimu. Mama hakuniuliza jinsi programu inavyojumlisha. Kumfichia athari ni kumfanya atende jambo asilolijua kwa mkono wake mwenyewe, kisha lihesabiwe kwa jina lake. Pyplot inaficha vyote viwili, lakini athari yake ni wino kwenye kioo. Kwenye sanduku la kikundi, athari ni mwili wa marehemu unaosubiri sanda.

Hapa ndipo sarufi ilinirudia, maana lugha yetu ilishapambana na tatizo hili zamani. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mkubwa "nipe maji". Anasema "naomba unipe maji". Tazama kilichotokea: amri imegeuka, na kile kiambishi kilichokuwa kimevuliwa kimerudi. *U-nipe*. Wewe, unipe. Adabu kwa Kiswahili haikuja kwa maneno matamu tu. Imekuja kwa kumrudisha mtendaji kwenye kitenzi. Sentensi imerefuka kwa silabi chache, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba heshima inapoteza muda.

Na tazama ni nani tunaowaambia amri tupu mchana kutwa. Mikoa hii ya katikati imepeleka mabinti wengi Dar es Salaam na miji mingine kufanya kazi za ndani. Akishafika, mara nyingi jina lake hukaa pembeni, anaitwa "dada" na watu waliomzidi umri mara mbili. Fagia. Pika. Osha mtoto. Kwa mtazamo wa nyumba hiyo yeye ni fanksheni: unaingiza amri, unapokea chakula. Kwamba ana kumbukumbu, kwamba amechoka tangu jana, kwamba kwao mvua haikunyesha na mama yake anategemea fedha ya mwezi huu, hayo ni hali ya ndani, na kiolesura hakina mahali pa kuyauliza. Kant aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu. Mkazo uko kwenye neno *tu*. Sote tunatumiana, muuza mboga kwa muuza maji, mwanafunzi kwa msimamizi. Kosa linaanza pale utaratibu mzima unapopangwa ili tusihitaji kukumbuka kwamba upande wa pili kuna mwenye kukumbuka.

Sisemi kwamba sanduku la chuma ni mtu, wala kwamba obijekti kwenye kompyuta ina uchungu. Ninachosema ni kwamba mazoea ya kiolesura ni mazoea ya mkono, na mkono hautofautishi sana. Aliyezoea ulimwengu unaojibu amri tupu papo hapo huona kero anapokutana na kitu kinachosema: subiri, nikumbushe wewe ni nani, na hii ni ya nani.

Basi nimeamua hivi katika programu yangu. Maswali yote yamebaki mafupi. Salio, deni, hisa: bonyeza mara moja, rudia upendavyo, hakuna kinachobadilika. Hapo binti wa Sabasaba amepata haki yake, na kwa kuwa watu huuliza kuliko wanavyotenda, sehemu kubwa ya siku yake imerahisishwa. Kila kinachobadilisha daftari kinataja mfuko na mwanachama, bila kudhani. Na kila badiliko linarudisha sentensi kamili yenye jina, kiasi na kilichobaki, ya kusomwa kwa sauti mkutanoni. Msimamizi anasema neno moja la ziada kwa kila amri ni mzigo, na watu watalinakili bila kulitazama. Huenda. Hata "naomba" husemwa na watu wasioomba. Lakini mtu akilinakili jina la mfuko wa jamii kwenye mkopo wake, jina litakuwepo pale, limeandikwa, na mwenzake mkutanoni atalisikia likisomwa.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia jibu. Mabishano yangu yote yamekuwa kati ya anayeandika programu na anayeitumia, mimi na mama mhazini, kana kwamba tuko wawili. Lakini katika kila kikundi yuko mwanachama asiyegusa simu kabisa. Amelazwa, au yuko shambani, au hajui kusoma. Hisa zake zimo ndani ya obijekti ambayo wengine wanaiamuru. Wakati wa sanduku alikuwa na kinga: macho ya wenzake, na namba aliyoikariri kichwani. Tukiliingiza sanduku kwenye simu ya katibu, namba ile hakuna atakayehitaji kuikariri tena. Mwezi ujao kikundi kitafunga mzunguko na kufanya mgao. Nimewaomba waendelee kuihesabu fedha kwa sauti, na kuulizana kwanza, kabla ya kuwasha simu, waliacha shilingi ngapi.